Rangi haizibi tundu: boti ya zamani itengenezwe nyumbani, lakini itengenezwe kweli

Kaniama si mji wa ziwa. Ni teritware ya mahindi na ya njia ya gari ya moshi. Samaki mkavu anayeuzwa sokoni anatoka mbali, huko Bukama, Kinkondja na maziwa ya bonde la Upemba. Mtu anaweza kuuliza: habari ya kutengeneza boti ya zamani inawahusu nini watu wa hapa?

Inawahusu kwa sababu mbili. Ya kwanza iko ndani ya sahani: mvuvi akikosa chombo, mama wa sokoni anakosa samaki, na watoto wa Kaniama wanakula bukari na majani tupu. Ya pili iko ndani ya familia zilizohama makwao. Katika Haut-Lomami, wengi waliopoteza nyumba ni watu wa maji. Lualaba ikijaa huko Bukama na Malemba Nkulu, inabeba nyumba, nyavu na mitumbwi kwa pamoja. Mwaka 2005 na 2006, vita vya Mai-Mai katikati ya Katanga vilisukuma maelfu ya watu mpaka ziwa Upemba, na wengine wakaishi juu ya visiwa vya matete vinavyoelea. Kwa watu kama hao chombo cha majini ni shamba, ni barabara, na siku mbaya ni mlango wa kutokea.

Uvuvi wa bonde hilo ni wa zamani sana. Makaburi yaliyochimbuliwa Sanga, kando ya ziwa Kisale, yanaonyesha watu waliokaa hapo zaidi ya miaka 1000 iliyopita, wakiishi kwa samaki. Chombo chao kilikuwa mtumbwi wa gogo. Leo mti mkubwa wa kuchonga mtumbwi unatafutwa mbali zaidi na maji, na hapo ndipo boti ya fiba inapopata nafasi. Kwenye ziwa Kivu na ziwa Tanganyika boti hizo zinajulikana sana. Kwa majirani wa Tanzania, mwezi wa kwanza 2024, Rais Samia Suluhu Hassan alizindua kule Mwanza ugawaji wa boti za kisasa za uvuvi kwa mkopo. Sifa ya fiba ni kweli: haiozi na hailiwi na mchwa. Lakini inapasuka, inachunika, na mbao zilizofungiwa ndani yake zinaoza kimyakimya.

Boti ikishapasuka, watu wengi wanaanguka katika moja ya tabia mbili. Wengine wanaigeuza chini juu, wanaiacha, kuku wanalala chini yake, na wenye chama chao wanangoja mradi mwingine ulete mpya. Wengine wananunua rangi nzuri ya buluu, wanaipaka nje yote, wanairudisha majini siku ya pili. Tabia ya kwanza inalea umaskini. Ya pili inaua watu. Iko njia ya tatu: boti itengenezwe nyumbani, ndani ya lupango, na watu wenyewe, kwa mpango unaoeleweka, na rangi iwe kazi ya mwisho.

Kazi ya kwanza haina gharama. Boti ioshwe kwa sabuni na maji safi, igeuzwe, ikauke siku nyingi. Halafu igongwe polepole kwa mpini wa nyundo au kwa sarafu, kutoka mbele mpaka nyuma. Mahali pazima panatoa sauti kali. Mahali palipoachana ndani panatoa sauti nzito, kama kugonga boksi la karatasi. Hapo pachorwe kwa makala. Ubao wa nyuma unaobeba mota utazamwe kuliko vyote: ukitobolewa kwa msumari na maji yakatoka, ubao umeoza, na hakuna rangi ya duniani itakayoushika. Mota ikifungwa juu yake, siku moja itaanguka majini na kipande cha boti.

Hapo inafaa kusema ukweli bila huruma. Boti ambayo ubao wa nyuma umeoza, mbao za chini zimeoza, na ukuta wake unacheza ukisukumwa kwa mkono, isirudi ziwani kwa kutengenezwa nusu nusu. Isichomwe pia, kwa sababu moshi wake ni mbaya kwa kifua. Ijazwe maji, iwekwe kivulini, ifugiwe vifaranga vya samaki kabla ya kuwapeleka kwenye kidimbwi. Hata Kaniama, mbali na ziwa, boti iliyokufa inaweza kulisha watu kwa namna hiyo.

Ile ambayo bado ni nzima ndani, na nje ina nyufa na matundu tu, hiyo inafaa jasho la watu. Fiba ni nyuzi za kioo zilizoloweshwa resini, na resini inaganda ikitiwa dawa yake. Tundu halizibwi kwa kubandika kipande juu yake. Kingo zake zinasuguliwa kwa msasa mpaka ziwe mteremko mrefu, karibu mara 12 ya unene wa ukuta: ukuta wa milimita 5 unataka mteremko wa sentimita 6 kila upande. Kitambaa cha fiba kinapangwa tabaka juu ya tabaka, kila tabaka linashindiliwa kwa brashi au rola mpaka hewa yote itoke. Hewa ikibaki, ufa utarudi palepale.

Katika kazi hii Kamina na Kaniama hazianzi na mikono mitupu. Fundi anayenyoosha bodi za magari anajua tayari kusugua, kuziba, kusawazisha na kupaka. Mvuvi anajua boti inapoumizwa na maji na inapoumizwa na mchanga. Wawili hao wakikutanishwa kwa siku chache, nusu ya chuo imekwisha. Kitu kimoja tu fundi wa magari anapaswa kukiacha garaji: mastiki ya kuzibia bodi za gari. Inakunywa maji. Chini ya boti haifai kuziba tundu.

Resini yenyewe ina habari inayouma kidogo. Ili igande vizuri, kwa kawaida inatiwa chumvi ya kobalti, madini yaleyale yanayochimbwa Kolwezi. Congo ndiyo nchi inayotoa kobalti nyingi kuliko zote duniani, lakini resini inaingia hapa kama bidhaa ya kigeni na mvuvi anashindwa kununua ndoo moja. Viongozi wa mkoa wanaposema juu ya madini na maendeleo, hesabu hiyo ndogo wangeifanya pia.

Kuna hatari ambazo mtu anayefanyia kazi nyumbani hana ruhusa ya kuzisahau, zaidi pale ambapo familia iliyopokea na familia iliyopokelewa wanaishi lupango moja na watoto kumi na zaidi. Mvuke wa resini unawaka moto: mbabula ikae mbali, na sigara pia. Dawa ya kugandisha ikiruka jichoni inaweza kupofusha, kwa hiyo miwani ivaliwe na ndoo ya maji safi iwe karibu. Dawa hiyo haichanganywi kamwe moja kwa moja na kobalti, maana vinaweza kulipuka. Anayenunua aulize kwanza kama resini imeshatiwa kobalti. Kipimo ni gramu 10 mpaka 20 za dawa kwa kilo moja ya resini, na kuzidisha hakuharakishi kazi, kunaipasua. Vumbi la fiba linaingia kifuani na kuwasha ngozi: pua ifunikwe, fiba iloweshwe maji kidogo wakati wa kusugua kisha ikauke kabisa kabla ya resini, na nguo za kazi zisifuliwe pamoja na za mtoto mchanga. Dawa na resini zisilale ndani ya nyumba wanamolala watu, wala kwenye chupa ya maji ya kunywa.

Wakati mzuri ni kiangazi. Resini haipendi unyevu, na haigandi vizuri kukiwa na baridi chini ya nyuzi 15. Asubuhi za mwezi wa sita na wa saba katika nchi hii ya juu zina baridi, basi kazi ianze jua likishapanda na imalizwe kabla halijaanza kushuka. Kwenye ziwa Tanganyika uvuvi ulifungwa kuanzia tarehe 15 mwezi wa tano mpaka tarehe 15 mwezi wa nane 2024 ili samaki wazae. Miezi kama hiyo wavuvi wanailalamikia kwa haki, maana mfuko unakauka. Lakini ndiyo miezi ya kutengeneza boti, na anayefunga ziwa angefanya vizuri kufungua karakana.

Sasa rangi. Ikishaganda na kusuguliwa laini, boti ipakwe kwanza rangi ya kushikisha, halafu rangi ya mafuta au ile ya boti, mara mbili kwa tabaka nyembamba, si mara moja kwa tabaka nene. Rangi ya maji ya ukutani itachunika wiki chache. Ndani ipakwe rangi nyeupe, ili ufa mpya na maji yanayoingia vionekane mapema. Juu ipakwe rangi ya chungwa au ya njano, ili boti ionekane kwa mbali ikipotea katika matete.

Na uwepo mstari mmoja. Hapa ndipo brashi inapookoa watu. Boti ipakiwe mzigo kidogo kidogo mahali maji yalipotulia, na kabla ukingo wake haujabakiza sentimita 30 juu ya maji, upakuaji uanze. Hapo maji yalipofika pande zote mbili pachorwe mstari mwekundu. Maji yakifika kwenye mstari, abiria anayebaki anabaki. Uingereza ililazimisha alama ya namna hiyo kwa meli zake mwaka 1876, baada ya Samuel Plimsoll kupigania mabaharia waliokuwa wanazama na meli zilizojazwa kupita kiasi. Congo haina haja ya kungoja bunge kwa jambo hili. Tarehe 3 mwezi wa kumi 2024, boti iliyotoka Minova ilizama karibu na Goma, mbele ya macho ya watu waliokuwa bandarini Kituku. Ilikuwa imejaza watu kupita kiasi. Mama anayepanda na vikapu vyake vya samaki anaweza kutojua kusoma, lakini mstari mwekundu anaujua.

Jambo moja zaidi, ambalo wavuvi wa mtumbwi wanaweza kulisahau. Mtumbwi wa gogo ukijaa maji, mara nyingi bado unaelea na watu wanaushika. Boti ya fiba ikijaa maji inaweza kwenda chini yote, na mota inaivuta. Dawa yake ni rahisi: bidoni tupu zilizofungwa vizuri, zifungwe kwa kamba ngumu chini ya viti, mbele na nyuma. Bidoni moja ya lita 20 inabeba karibu kilo 20 majini. Kumi zinaweza kuiacha boti juu mpaka watu wafikiwe.

Wako watakaosema kwamba aliyefukuzwa kwake anahitaji unga kwanza, si resini. Ni kweli, na hakuna anayepaswa kukata unga ili anunue rangi. Lakini unga wa msaada unakwisha, na mvuvi aliyekaa miaka bila maji anasahau kazi, na mtoto wake hajifunzi. Wengine watasema mtumbwi wa mbao unatosha, kwa kuwa unatengenezwa na vitu vya hapa. Nao wana haki pale ambapo resini haipatikani kabisa: mtumbwi mzima ni bora kuliko fiba iliyopasuka.

Ndiyo maana ombi kwa serikali ya mkoa na kwa mashirika yanayoleta boti ni dogo na linapimika. Kila boti mpya ifuatane na ndoo ya resini, kitambaa cha fiba, miwani, na siku chache za mafunzo kwa vijana wawili wa kila chama, mmoja wao akiwa mtoto wa familia iliyohama. Kabla ya kuagiza boti mpya, zilizolala chini ya miti zihesabiwe na zigongwe kwa nyundo. Na kwa viongozi wa vyama: rangi isinunuliwe mpaka boti imeshinda siku nzima majini, imefungwa kwa kamba, ikapandishwa ikiwa kavu ndani.