Ruzuku ya Mtaa ni Haki: Kwa Nini Tunaikimbia?



Kila mvua kubwa inapoteremka Mtwara, maji ya vyoo na maji ya visima hukutana katika mitaa ya watu wa hali ya chini. Watoto wa madrasa huja wamepandisha kanzu na mabaibui hadi magotini. Mzee aliyetawadha nyumbani hufika msikitini hana hakika kama miguu yake bado ni tohara. Baada ya swala tunaomba mvua iwe ya kheri, kisha tunarudi majumbani kwa tope lile lile, mwaka hadi mwaka.

Tunataka kusema neno zito, na tunaanza na nafsi zetu. Miaka kadhaa iliyopita uliitishwa mkutano wa wakazi wa mtaa ili kupanga mitaro ipite wapi. Tangazo lilibandikwa, na watu wakapita nyumba kwa nyumba. Sisi walimu na maimamu hatukuhudhuria. Tulisema hiyo ni siasa, nasi tuna darsa. Mtaro ulipochimbwa ulipita mtaa wa pili, ambako watu walikwenda wakasema haja yao. Mbele ya madrasa yetu dimbwi lingalipo. Hakuna aliyetudhulumu, tulijidhulumu wenyewe.

Fedha hizi si ngeni. Mwaka 2005 Serikali ilianzisha utaratibu wa ruzuku ya maendeleo, ambapo kila halmashauri ilipimwa kila mwaka kabla ya kupewa: hesabu zake zikoje, na mipango yake ikoje. Mwaka 2010 uliidhinishwa mradi wa miji ya kimkakati kwa fedha za Benki ya Dunia, na Mtwara-Mikindani ikawa miongoni mwa miji saba, pamoja na Arusha, Dodoma, Kigoma, Mbeya, Mwanza na Tanga. Mji ukapata barabara za lami na mitaro. Anayepita anaziona. Lakini na atazame pia pale lami inapoishia, ajiulize ni kina nani wanaokaa ng'ambo yake.

Wapo ndugu zetu wasemao: fedha hizo zina riba, tusizisogelee. Riba ni haramu, wala hatutafuti mlango wa nyuma wa kuihalalisha. Lakini mkataba ule hakuuandika mjane wa Magomeni wala mvuvi wa Mikindani. Deni lake hulipwa kwa kodi, na mjane huyo hutoa kodi kila anaponunua sabuni. Ni fiqhi gani inayomwamuru abebe deni, kisha auache mtaro uende kwa mwingine?

Na kama kweli kinachotuzuia ni riba tu, mbona hata pasipo na riba hatuonekani? Tangu mwaka 2018 sheria inazitaka halmashauri zitenge asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Mikopo hiyo ilisimamishwa mwaka 2023 kwa dosari za usimamizi, ikarejeshwa mwaka 2024. Ni misikiti mingapi iliyowaketisha mama zetu ikawafundisha kuunda kikundi na kuandika maombi? Tuogope kuifanya dini kuwa pazia la uvivu wetu.

Wengine husema ruzuku ni hisani ya wakubwa, na anayepewa hahoji. Hili ni kosa kubwa zaidi. Imamu al-Mawardi, aliyefariki mwaka 450 Hijria, ameeleza katika al-Ahkaam as-Sultaniyya kwamba maji ya mji yakikatika au ukuta wake ukibomoka, gharama ni ya Baytul-Mal; na Baytul-Mal ikiwa haina kitu, wajibu huwaangukia watu wote wenye uwezo. Yaani, mwanachuoni huyu aliuweka utengenezaji wa mji katika mlango wa haki na wajibu. Haki hudaiwa, na aliyekabidhiwa mali ya umma huulizwa. Naye Mtume (s.a.w.) ametufundisha kuwa kuondoa udhia njiani ni tawi la imani. Dimbwi la kinyesi lililo mbele ya chuo cha Qur'ani si udhia?

Basi tufanye nini? Kwanza, imamu atangaze mkutano wa mtaa kama anavyotangaza maziko. Pili, kila msikiti uchague watu wawili au watatu wa kuhudhuria, na mmoja wao awe mwanamke, kwani ndiye abebaye ndoo na kuuguza mtoto wa kuhara. Tatu, waulize bila matusi wala woga: fedha kiasi gani imekuja, ni ya kazi gani, na kazi imefika wapi? Majibu yaandikwe daftarini, yasomwe baada ya swala. Nne, waulize hali ya wapangaji, maana barabara ikipita kodi ya chumba hupanda, na maskini aliyevumilia tope miaka yote huhamishwa siku lami inapofika.

Wala tusiigeuze mimbari kuwa jukwaa la chama. Mtaro hauna chama, na maji machafu hayaulizi dini ya mwenye nyumba. Jirani yetu Mkristo analia kilio hicho hicho. Twende naye mkutanini bega kwa bega.

Sisi tumekwisha kutubu kwa kukosa mkutano ule. Mwingine utakapoitishwa, darsa itaahirishwa, na walimu watakwenda pamoja na wazazi wa wanafunzi. Nanyi mlio Mikindani, Chikongola, Magomeni, hadi Msimbati na vijiji vya mdomo wa Ruvuma, msingoje dimbwi liwafundishe kama lilivyotufundisha sisi.

Wabillahi tawfiq.