Mazoezi Yasigeuke Adhabu

Twafurahi kuona mabinti na kina mama wakizoea kutembea na kukimbia baada ya alfajiri. Lakini tuwaombe wazazi: mtazameni pia anavyokula.

Dalili huanza kidogo kidogo. Binti huacha wali, kisha mbaazi na mahamri. Hukwepa sinia ya pamoja. Hujipima uzani kutwa. Na akionja halua huona ni lazima akimbie ili ailipie. Baadaye huja kizunguzungu, baridi isiyoisha, na hedhi hukatika.

Yupo pia anayejificha nyuma ya saumu za Jumatatu na Alhamisi, na magharibi ikiingia hafuturu ila kwa maji. Saumu ni ibada, si pazia la kukimbilia chakula. Salman al-Farisi alikataa kula mpaka Abu Dardaa afungue saumu yake ya sunna, na Mtume (S.A.W.) akamuunga mkono Salman.

Basi tusimsifu binti kwa kukonda, wala tusimkemee. Tumkalishe kwa upole, tumsikilize, na tumfikishe kwa daktari mapema, hedhi isingojewe ikatike. Mwili ni amana. Wabillahi tawfiq.