Tamko la Walimu wa Historia na Kiswahili wa Musoma, Bunda na Butiama kuhusu Kumbukumbu ya Maangamizi ya Wayahudi

Sisi walimu wa Historia na Kiswahili tunaofundisha katika shule za sekondari za Musoma, Bunda na Butiama, tuliokutana chini ya chama chetu cha kitaaluma, tunatoa tamko hili kwa wazazi, walimu wenzetu, viongozi wa dini, maofisa elimu na wananchi wote wa mkoa wa Mara, kuelekea Januari 27. Tarehe hiyo mwaka 1945 jeshi la Kisovieti liliingia katika kambi ya Auschwitz nchini Poland. Mwaka 2005 Umoja wa Mataifa uliitenga iwe siku ya kuwakumbuka Wayahudi milioni 6 waliouawa na utawala wa Wanazi, pamoja na watu wengine walioangamizwa nao.

Kilichotusukuma kusema ni jambo lililotokea darasani. Mwenzetu mmoja wa wilaya ya Bunda alikuwa akifundisha kidato cha nne Vita Kuu ya Pili. Akauliza: Hitler alikuwa nani? Kijana wa dawati la nyuma akasimama, akajibu bila kusita: "Alikuwa kiongozi shupavu, mwalimu. Hakuwa na mchezo." Darasa likacheka, likamkubalia. Mwalimu akauliza tena: na wale Wayahudi waliouawa, walikosa nini? Kimya. Kisha binti mmoja akasema kwa sauti ya chini, "Si ndio waliomuua Yesu?"

Hatuwalaumu watoto hao. Majibu yale tumewapa sisi. Tumewafundisha kukariri sababu za vita na athari zake kwa Afrika, hoja sita za mtihani, na Wayahudi tukawapitia kwa mstari mmoja kama watu walioishi sayari nyingine. Tunalikiri kosa hilo hadharani.

Wengi wetu tulidhani mambo haya hayatuhusu. Tulijua wazee wetu wa KAR, jeshi la Waingereza la Afrika Mashariki, waliotoka huku kwenda Abisinia, Madagaska na Burma. Watanganyika wapatao 87,000 walitumika katika vita ile. Lakini kambi za mateso za Ujerumani? Hizo tuliziacha Ulaya. Hatukujua kwamba mtoto wa Dar es Salaam alifia humo.

Jina lake ni Mahjub bin Adam Mohamed, anayejulikana zaidi kama Bayume Mohamed Husen. Alizaliwa Dar es Salaam Februari 22, 1904, baba yake akiwa askari Msudani katika jeshi la Wajerumani. Vita vya 1914 vilipoanza alikuwa na miaka 10, naye akaingizwa jeshini. Oktoba 1917 alijeruhiwa katika mapigano ya Mahiwa, kule Lindi, kisha akawa mateka wa Waingereza. Vita vikaisha, akafanya kazi melini, na mwaka 1929 akafika Berlin kudai mishahara ya jeshi, yake na ya baba yake, ambayo haikuwa imelipwa. Wizara ya Mambo ya Nje ya Ujerumani ikamjibu kwamba amechelewa kudai.

Akabaki Berlin. Alihudumu mezani katika jumba la starehe lililoitwa Haus Vaterland, akafundisha Kiswahili kwa wanafunzi wa chuo kikuu, akaoa, akapata watoto, akaigiza sehemu ndogo ndogo katika filamu nyingi. Mojawapo ya hizo, ya mwaka 1941, ilitengenezwa kumtukuza Carl Peters, yule ambaye babu zetu walimwita Mkono wa Damu. Tunaomba msomaji asimhukumu upesi. Huyu ni mtu aliyeingizwa vitani akiwa mtoto, akanyimwa jasho lake, akatafuta riziki katika mji ambao kila mwaka ulizidi kumfungia milango.

Mlango wa mwisho ulikuwa sheria iliyoandikwa dhidi ya Wayahudi. Septemba 1935, katika mji wa Nuremberg, Wanazi walipitisha sheria ya kile walichokiita kulinda damu ya Kijerumani: Myahudi asioane na Mjerumani wala asiwe na uhusiano naye. Haikupita hata miezi mitatu, serikali ikatoa ufafanuzi kwamba makatazo hayo yanawahusu pia Waafrika na Waroma, yaani watu wa jamii ya Roma ya Ulaya. Mwaka 1941 Bayume alikamatwa kwa sababu ya uhusiano wake na mwanamke wa Kijerumani. Hakufikishwa mahakamani. Alipelekwa kambi ya Sachsenhausen, kaskazini ya Berlin, akafia humo Novemba 24, 1944.

Tunasimama hapa kidogo, kwa sababu hapa ndipo penye neno letu kubwa. Sheria ile haikumtaja kwanza mtu wa Dar es Salaam. Ilimtaja Myahudi, na waliosema "hayo ni ya Wayahudi" walikuwa wengi. Ubaguzi ukishapewa sahihi na muhuri, hauulizi tena ulianzia kwa nani.

Sachsenhausen ilifunguliwa mwaka 1936, na hadi 1945 watu zaidi ya 200,000 walifungwa humo. Novemba 1938, baada ya usiku ambao masinagogi yalichomwa moto nchi nzima, Wayahudi wapatao 6,000 walisombwa na kuingizwa kambini mle. (Siku chache baadaye waziri mkuu wa Uingereza aliitaja Tanganyika bungeni mwake miongoni mwa nchi ambazo ardhi yake ingeweza kutengewa wakimbizi wa Kiyahudi. Wenye ardhi hawakuulizwa, na wakimbizi walioipata nafasi hiyo walikuwa wachache mno.) Uwanjani mwa kambi palikuwa na njia ya kujaribia viatu: vipande vya lami, kokoto, mchanga na saruji, vikipangwa kwa zamu. Wafungwa wenye njaa walitembezwa juu yake hadi kilomita 40 kwa siku ili ijulikane soli inadumu muda gani. Ni karibu sawa na kutoka Musoma mjini hadi Butiama kwa miguu, kila siku, kwa ajili ya soli ya kiatu cha mtu mwingine.

Kambi hiyo ilikuwa na matawi, na mojawapo liliitwa Lieberose. Humo, majira ya baridi ya 1944, alikuwamo kijana wa Kiyahudi aitwaye Hugo Gryn pamoja na baba yake. Alipofikishwa Auschwitz mwaka huo alikuwa na miaka kama 14, na aliponea kwa kudanganya kwamba ana miaka 19 na ni fundi seremala. Mdogo wake aliuawa. Ikafika Hanukka, sikukuu ya taa ya Wayahudi ya siku 8. Baba yake akachukua kijipande cha majarini, chakula cha thamani kuliko vyote walivyopewa, akakitumia badala ya mafuta ya taa. Kijana akapinga kwa uchungu: kile ni chakula, kinachomwaje? Baba akamjibu kwamba mwanadamu anaweza kuishi wiki kadhaa bila chakula, lakini bila tumaini hawezi hata dakika chache. Utambi ukatoa cheche, ukazima, kwa kuwa majarini haiwaki kama mafuta. Gryn alisimulia hayo miaka mingi baadaye akiwa rabi mjini London. Baba yake alikufa Mei 1945, siku chache tu baada ya kukombolewa.

Tumeyaeleza haya kwa kirefu kwa makusudi. Watoto wetu wakisikia "milioni 6" wanasikia namba. Wakisikia kijipande cha majarini wanaelewa, maana wengi wao wanajua nyumba ambayo mafuta ya kupikia hupimwa kwa kijiko. Na tunawasihi walimu wasiigeuze habari ya Hanukka ile kuwa hadithi ya kupendeza. Wapo waliosali kambini hadi pumzi ya mwisho. Wapo waliopoteza imani pale pale walipoona watoto wao wakipelekwa kuuawa. Wote ni wa kuheshimiwa, na hakuna kati yetu mwenye haki ya kumuuliza yeyote kwa nini hakuwa kama mwenzake.

Kwa yule binti na swali lake la Yesu, tunasema wazi: hapana. Yesu alizaliwa na mama Myahudi, akasali katika sinagogi, na mitume wake walikuwa Wayahudi. Oktoba 28, 1965 Mtaguso wa Pili wa Vatikano ulitangaza kwamba mateso ya Yesu hayawezi kuhesabiwa kuwa hatia ya Wayahudi wote wa wakati ule wala ya Wayahudi wa leo. Tunawaomba mapadre, wachungaji na makatekista wa Mara walitamke hilo mimbarini, hasa Kwaresima na Ijumaa Kuu, kwa lugha ambayo bibi wa Kiabakari ataielewa. Wasabato, ambao huiacha kazi jua linapotua Ijumaa, wanajua kutunza siku iliyopokelewa kutoka kwa watu hao hao. Masheikh wetu nao tunawaomba wawakumbushe vijana kuwa Ahlul-Kitabu, yaani Watu wa Kitabu, Wayahudi wakiwamo, si jina la tusi. Na kwa kuwa tumeulizwa, tunajibu: kuwalilia waliouawa Auschwitz si kuchagua upande katika vita vya leo vya Mashariki ya Kati. Maiti ya mtoto haina chama.

Kwa sisi wa Mara kuna deni la ziada, kwa sababu ya Butiama, alikozaliwa Mwalimu Nyerere. Oktoba 1961, majuma machache kabla ya Uhuru, Bunge lilijadili muswada wa uraia, na baadhi ya wabunge wakataka uraia ufuate rangi ya ngozi. Mwalimu Nyerere alisimama kwa hasira. Aliwaambia kwamba wanahubiri ubaguzi kama dini, kwamba wanasimama kama akina Hitler na kuanza kutukuza rangi, ilhali kinachotukuzwa hapa ni binadamu. Alikuwa tayari kujiuzulu kuliko kukubali. Mtoto wa Mzanaki, aliyekua na kuchunga Mwitongo, Butiama, alijua Hitler ni jina la aibu. Iweje watoto wa wilaya jirani wasijue?

Mwalimu huyo huyo ndiye aliyetupa Myahudi mashuhuri kuliko wote katika vitabu vya Kiswahili. Mwaka 1969 alichapisha tafsiri ya tamthilia ya Shakespeare akaiita "Mabepari wa Venisi". Walimu wa Kiswahili tuseme ukweli: Shylock, Myahudi wa tamthilia hiyo, mara nyingi tumemfundisha kama mfano wa mtu mchoyo, tukaondoka. Tumesahau kwamba jina alilochagua Mwalimu liko katika wingi. Wakristo wa Venisi nao ni mabepari. Shylock mwenyewe anawakumbusha mahakamani kwamba wana watumwa waliowanunua. Na tumeshindwa kuwaambia wanafunzi neno wanalolitumia kila siku lilitoka wapi. Kijana akipanga chumba Musoma mjini anasema ana "geto". Neno hilo lilitoka Venisi, ambako kuanzia mwaka 1516 Wayahudi walilazimishwa kuishi mtaa mmoja ambao malango yake yalifungwa usiku. Wanazi walilichukua tena kwa mitaa ya njaa kama ile ya Warsaw, vituo vya kwanza kuelekea kambini.

Hata sheria tunayojivunia kwamba ilisimamiwa Arusha ilitoka katika makaburi hayo. Raphael Lemkin, mwanasheria Myahudi wa Poland aliyepoteza ndugu 49, ndiye aliyebuni mwaka 1944 jina la kosa ambalo Kiswahili kinaliita mauaji ya kimbari. Umoja wa Mataifa ukapitisha mkataba dhidi ya kosa hilo Desemba 9, 1948. Ilichukua nusu karne hadi mahakama ya kimataifa kumtia mtu hatiani kwa kosa hilo, na ilikuwa Arusha, Septemba 2, 1998, katika kesi ya Jean-Paul Akayesu, aliyekuwa meya wa Taba, Rwanda. Mwaka 1994, maiti za majirani zetu wa Rwanda zilipopita mto Kagera na kuingia Ziwa Victoria, lilikuwa ziwa hili hili tunaloogea na kuvulia dagaa.

Kwa hiyo tumeazimia yafuatayo. Januari 27, au siku ya masomo iliyo karibu nayo, kila mwanachama atatumia kipindi kimoja kufundisha habari za kambi, kwa majina ya watu na si kwa hoja za mtihani. Tunaiomba Taasisi ya Elimu Tanzania imwingize Bayume Mohamed Husen katika somo la Historia ya Tanzania na Maadili, kwa kuwa ni Mtanzania wa historia yetu na hapaswi kujulikana zaidi Berlin kuliko Kariakoo. Tunauomba uongozi wa Makumbusho ya Mwalimu Nyerere Butiama utenge sehemu inayoeleza mjadala ule wa uraia wa 1961, ili wanafunzi wanaokwenda ziara wausome pale pale alipozaliwa msemaji. Wazazi wenye barua, picha au nishani za babu zao wa KAR wazilete shuleni tuzinakili, kabla mchwa hawajazimaliza. Na jina la utani la "Hitla", ambalo baadhi ya shule huwapachika walimu wa nidhamu, tunaomba liachwe, walimu wenyewe wakiwa wa kwanza kulikataa.

Mbele ya nyumba namba 193 ya mtaa wa Brunnenstraße, Berlin, kuna jiwe dogo lenye bamba la shaba lililowekwa mwaka 2007, na juu yake limechongwa jina la mtu aliyezaliwa Dar es Salaam. Hapa kwetu bado hana hata bango. Tutaanza kwa kulisoma jina lake kwa sauti, mbele ya gwaride la asubuhi, katika shule za Musoma, Bunda na Butiama: Mahjub bin Adam Mohamed.