Kirikou si wa watoto peke yao

Wazazi wengi huwawekea watoto filamu ya Kirikou ili watulie, kisha wao wenyewe hubaki mbele ya televisheni. Katuni hiyo ya Mfaransa Michel Ocelot, iliyotoka mwaka 1998, inauliza swali la watu wazima: kwa nini mchawi Karaba ni mbaya? Kijiji kinasema ndiye aliyekausha chemchemi. Kirikou anachunguza na kukuta mnyama amejificha ndani, anakunywa maji yote. Karaba naye anateswa na mwiba wenye sumu aliochomwa mgongoni na wanaume. Mtoto anafurahia ujanja. Mzazi anaona kidonda. Huko Kivu ya Kusini, ambako wanawake wameuawa kwa kusingiziwa uchawi, somo hilo linawahusu wakubwa kwanza.