Kopo la Misumari

Mwezi huu nilikuwa nimeahidi kuzungumzia wachumba wanaogombana kwa sababu ya bajeti ya harusi. Barua zenu nimezisoma zote, nyingine zimenichekesha hadi machozi. Lakini mtanisamehe, hiyo itasubiri. Baba yangu amefariki. Arobaini imepita, na wiki iliyopita tulikwenda Morogoro kufungua kibanda chake cha ufundi, kwa kuwa Mama alisema yeye peke yake hawezi.

Nimerudi na kopo moja la maziwa ya unga lililojaa misumari. Si misipya, jamani. Kila mmoja ulishakunjika, Baba akaunyoosha kwa nyundo juu ya jiwe na kuutunza. Utoto wangu wote niliamka Jumamosi kwa mlio huo: ko, ko, ko.

Alikuwa fundi wa kila kitu. Si unawajua wale wazee? Pasi ya mkaa, jiko la mchina, baiskeli, kitasa, redio ya National iliyogoma kusema. Kuna majirani waliomlipa kwa mihogo na wapo ambao hadi leo wanadaiwa. Mama alilalamika, Baba akajibu, "Mtu hawezi kukosa taarifa ya habari kwa sababu ya waya mmoja."

Ufundi huo aliukuza wakati mgumu. Baada ya vita vya Kagera, Mwalimu Nyerere aliwaomba Watanzania wafunge mikanda kwa miezi 18. Waulizeni wazazi wenu hiyo miezi 18 ilikwisha lini! Sukari kwa foleni, sabuni kwa foleni, na vipuri ndiyo usiulize kabisa. Katika hali hiyo mwenye bisibisi na akili aliheshimiwa kama daktari.

Na vita hivyo Baba alivipigana. Alikuwa kijana wa miaka 22, mwanamgambo, aliyekuwa akijifunza useremala, majeshi ya Idi Amin yalipovamia Kagera mwishoni mwa Oktoba 1978. Alitoka nyumbani Novemba, akarudi mwaka uliofuata, Kampala ikiwa imeshaanguka tangu tarehe 11 Aprili 1979. Sikio lake la kushoto halikurudi naye. Mizinga ya roketi, ile ambayo watu wa Uganda waliibatiza jina la saba saba, ililimaliza. Ndiyo maana mezani alikaa kushoto kwetu sote, ili sikio zima lituelekee. Mimi nilidhani ni ubabe wa mwenye nyumba.

Kuhusu vita alikuwa na hadithi moja tu, ya daraja la Kyaka. Askari wa Amin walilivunja, na wahandisi wa jeshi letu wakaunganisha jingine la vyuma ili vikosi vivuke mto Kagera. Hapo Baba angekueleza kila kipande kinavyoshikana na kingine, akichora kwa kijiti mchangani, hadi chai ipoe. Ukimuuliza, "Baba, uliua mtu?" anainuka kwenda kutafuta koleo.

Sasa niwaambie kitu ambacho sijivunii. Nimeolewa na mwanaume mpole, msomi, mtu wa mahesabu, ambaye hajui bisibisi inazungushwa upande gani. Miaka ya mwanzo ya ndoa nilimnyanyasa kwa hilo. Bomba likivuja nasema, "Angekuwepo Baba." Taa ikiungua, "Angekuwepo Baba." Nilisema hata mbele ya wageni. Nyie mnaoniandikia kuwa wake zenu wanawalinganisha na watu wengine, huwa nawajibu kama mtaalamu, kumbe na mimi nimo.

Basi bwana, Baba alipokuja kututembelea Dar, hakukaa hata dakika kumi bila kusikia bomba la jikoni likidondosha. Mume wangu akaona aibu, akataka kukimbilia nje kumtafuta fundi bomba. Baba akamshika bega: "Mkwe, nishikie tochi." Wakajifungia jikoni saa nzima kwa ajili ya washa ya shilingi mia chache. Nikafurahi kwamba hatimaye mume wangu anafundishwa kazi.

Kumbe hakuwa akifundishwa kazi. Usiku wa pili wa msiba, tumekaa kwenye mkeka, ndipo mume wangu aliponieleza. Saa ile yote Baba alikuwa akimsimulia kuhusu rafiki yake waliyelala naye blanketi moja tangu Kyaka, aliyefia Uganda. Amezikwa Kaboya, wilayani Muleba, pamoja na mashujaa wenzake. Vita vilipokwisha Baba alikwenda kijijini kumwona mama wa rafiki huyo. Yule mama habari alishazipata. Akamkaribisha, akampa maji, wakakaa kimya wawili. Baba hakujua aseme nini. Akaona mlango wa uani umeng'oka bawaba, akauliza nyundo iko wapi. Akaurekebisha. Akaona kitanda kinayumba, akakitengeneza nacho. Alikaa pale siku nne.

Kusema kweli, kwanza nilipatwa na wivu. Miaka yote ile mimi naomba hadithi, inakwenda kupewa mkwe chini ya sinki! Nikauliza kwa nini hakuniambia. Mume wangu akasema Baba alimwomba asiniambie mpaka yeye aondoke, maana "huyu mama akilia mimi nachanganyikiwa."

Nikakumbuka mwaka niliofeli kidato cha nne. Hakunigombeza, hakunipa pole. Alishinda siku nzima akitengeneza meza yangu ya kusomea, ambayo haikuwa na ubovu wowote. Mimi nikakasirika kwamba hajali. Nilipomaliza chuo, shahada ya mawasiliano mkononi, nikawa namtania kwamba yeye ndiye aliyehitaji kuisomea. Alicheka. Sijui kama nilikuwa na haki ya kutania vile.

Wiki iliyopita pale Morogoro bomba la uani lilikuwa linavuja, na kwa mara ya kwanza hapakuwa na wa kuliendea. Mume wangu akaingia kibandani, akatoka na spana kubwa kuliko inayotakiwa. Nikafungua mdomo, nikaufunga. Nikaenda kuchukua tochi, ingawa ilikuwa saa nane mchana na jua kali.

Alisahau kufunga koki kubwa kwanza. Maji yalimruka usoni, yakalowesha shati, yakamfikia Mama alipokuwa amekaa kwenye kigoda. Mama akashtuka, akamtazama mkwe wake anavyohangaika kuziba kwa viganja viwili, akacheka mpaka kanga ikamwanguka begani. Hatukuwa tumemsikia akicheka tangu msiba.