Chuchu iliyoingia ndani si soko la maziwa ya kopo

Tangu Somalia ijiunge na Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2024, wafanyabiashara wanapiga hesabu ya mizigo ya Kismayo na visiwa vya Wabajuni. Maziwa ya kopo ya watoto ni mepesi kubeba na rahisi kuuza. Mteja wake mmoja ni mzazi wa siku tatu mwenye chuchu zilizoingia ndani, aliyeambiwa na majirani kwamba hataweza kunyonyesha.

Amedanganywa. Mtoto hanyonyi chuchu. Hunyonya titi, akijaza kinywa kwa sehemu nyeusi inayoizunguka. Mkunga akimweka vizuri mapema, chuchu nyingi hutoka zenyewe.

Ikikaidi, lipo bomba la sindano la mililita 20, bila sindano. Ncha hukatwa kwa wembe, mpini ukaingizwa upande uliokatwa, na upande laini ukafunika chuchu. Mama huvuta mwenyewe polepole, bila kuumia, nusu dakika hadi dakika moja kabla ya kunyonyesha. Bei yake haifiki robo ya kopo. Upasuaji upo, ila unaweza kukata mirija ya maziwa. Anayetaka kuzaa tena asiukimbilie.

Kila chupa hupunguza maziwa ya mama, na mteja wa wiki huwa wa mwaka. Faida, ndiyo. Lakini maji ya kisima yasiyochemshwa huharisha mtoto, na kutoka Chula au Koyama hospitali ni safari ya mashua.

Chuchu iliyokuwa nje ikaingia ghafla, hasa upande mmoja, au yenye uvimbe au damu, ni jambo jingine: huenda ni saratani. Huyo apelekwe hospitali haraka, bomba halimfai.