Kasi bila oili ni hasara

Mwaka jana mwanafunzi wangu wa zamani, ambaye sasa ni fundi wa magari, alinijia akiwa ameshika pistoni iliyotoboka. Tundu lenyewe lingepitisha kidole. Alikuwa amefunga turbo katika injini ya kawaida ya mteja ili gari liende kasi zaidi, na akiba yake ya miaka miwili ikaishia kulipa hasara.

"Mwalimu," akaniuliza, "mbona pistoni yenyewe ilikuwa mpya?"

Swali hilo lilinikosesha usingizi, kwa maana jibu lake limo katika fizikia niliyomfundisha mimi mwenyewe.

Turbo husukuma hewa nyingi ndani ya silinda, petroli nyingi zaidi huchomwa, na joto huongezeka. Gesi zinazoungua hupita nyuzi 2,000 za Selsiasi, ilhali alumini huyeyuka kwa nyuzi 660 tu. Pistoni husalimika kwa kuwa joto huondolewa upesi: sehemu yake hupitia kwenye ringi hadi ukuta wa silinda, na nyingine huchukuliwa na oili. Ndiyo maana injini nyingi za turbo hutoka kiwandani zikiwa na vijibomba vinavyorusha oili kwenye tumbo la kila pistoni.

Wapo wanaodhani kwamba dawa ni kuongeza vijibomba hivyo tu. La hasha! Oili inayorushwa kwa pistoni ni oili iliyopunguzwa kwenye mgao wa beringi, na turbo nayo inadai fungu lake. Injini inapozunguka polepole, huenda pampu isimudu kuwalisha wote. Kwa hiyo vijibomba vingi huwa na vali isiyofunguka mpaka presha ipande, na fundi mwangalifu huipima pampu kwanza. Wala geji isitudanganye. Huonyesha presha, haionyeshi kiasi cha oili kinachopita. Njia ikiziba mbele yake, mshale waweza kusimama juu huku beringi zikikauka.

Siwalaumu vijana wa jua kali. Mikono yao ni mahiri kuliko yangu. Lawama ni yetu sisi walimu tuliochora mishale ya joto ubaoni, wanafunzi wakaikariri na kupita mtihani, wala tusifungue injini hata moja mbele yao. Kuna watakaosema kwamba shule si gereji. Nakubali. Lakini elimu isiyomfaa mtu siku anaposhika spana, imemfaa nini?

Pistoni ile aliniachia. Siku hizi huipitisha kutoka dawati hadi dawati kabla sijaandika neno lolote ubaoni. Nanyi wanafunzi, kabla ya kuuliza gari litakimbia kiasi gani, ulizeni kwanza joto lake litatokea wapi.